Bosi Aliyejitangaza Marehemu

Anab, kaa chini kwanza. Bosi wetu Nyamai ametangazwa kwa redio ati amekufa. Amekufa! Na ni yeye mwenyewe alijiandikia 😂

Si unajua kile kiwanda chetu cha maembe hapa Nunguni? Kaveke wa ofisini kwetu alimwambia taarifa kwa wanahabari ianze na habari yenyewe: kiwanda kinafunguliwa Ijumaa, wakulima leteni maembe. Nyamai akamwangalia kwa madharau. "Habari ni mimi."

Akaanza hivi: "Nyamai, mwana wa marehemu Mzee Mutunga, mume wa Kanini, kaka yake Mbula..." Ukoo mzima, vile tu matanga hutangazwa! Kiwanda akakitupa huko chini kabisa, baada ya picha yake akiwa amevaa tai.

Mtangazaji akasoma aya ya kwanza tu, tena kwenye matangazo ya vifo. Vifo, Anab!

Leo Ijumaa asubuhi boma lake limejaa watu na kuni na majani chai. Shangazi yake alimkuta mlangoni, mswaki mdomoni, akazirai. Kiwandani? Hakuna hata embe moja.

Sasa ameandika taarifa nyingine ya kusema yuko hai. Inaanza: "Nyamai, mwana wa marehemu..."