Kioo Kilichooshwa Mbele Yangu

Jumamosi. Mvua imeanza kabla ya chai na bado inapiga bati. Kasulu yote ni tope jekundu na baridi. Shangazi yuko jikoni anachambua maharage, simu yake kaniachia mimi.

Jana nimepoteza kitu ambacho watu hawakioni kwa macho. Ndiyo maana hata pole sijapewa.

Nieleze tu, labda kifua kitapungua uzito.

Mwalimu wetu wa fizikia alitusomea kwamba mwanga hauji kama maji yanayomwagika, unakuja chembe moja moja. Kuna watu wanatengeneza kompyuta za kupiga hesabu kwa chembe hizo, na ili kuzitoa moja moja wanatumia utando mwembamba kiasi kwamba ukiupunguza kidogo tu, haupo tena. Unene wa atomu moja. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, wala sikuuliza. Nilimfuata ofisini baada ya siku tatu.

Akaniambia madini yanayotoa hizo chembe hatuna, lakini namna ya kuchuna utando tunaweza kujifunza kwa grafiti. Unabandika selotepu, unabandua, unabandika tena, kila mara unabaki na tabaka jembamba zaidi. Nilianza na penseli nikashindwa, kumbe ndani ina udongo. Mwalimu akanipa kijiwe cha grafiti tupu alicholetewa na shemeji yake kutoka machimbo ya Mahenge, cheusi, kinateleza kama kimepakwa mafuta.

Miezi miwili nilichuna. Mzee wa duka la vifaa pale mjini, mtu wa Tanga, aliniuliza, "Binti, kila wiki selotepu, unamfungia nani zawadi zote hizo?" Nikatazama chini. Angenidhania nina mchumba na mimi nisingemsahihisha.

Wiki iliyopita nilikiona. Kwenye kioo kidogo cha hadubini, pembeni ya vipande vyeusi, palikuwa na kipande hafifu kama pumzi kwenye dirisha. Mwalimu aliinama pale muda mrefu. Akasema inaweza kuwa tabaka moja, inaweza kuwa matatu, shuleni hatuna cha kupimia. Ila Ijumaa mchana anasafiri, ana rafiki chuo kikuu mwenye mashine, atakibeba. Wakithibitisha, jina langu linaingia mashindano ya wanasayansi vijana. Akirudi, orodha itakuwa imefungwa.

Yaani Ijumaa ndiyo ilikuwa nafasi yenyewe.

Sasa Ijumaa ni siku ya usafi, na jana wageni wa ukaguzi walikuwa wanakuja. Nimeingia maabara na ndoo ya maji nikamkuta Rehema, kiranja wa usafi, kidato cha nne, ameloweka vioo vyote kwenye beseni la sabuni. Kilikuwa kimebaki kimoja mkononi mwake. Nikakijua kwa ile pembe yake iliyovunjika.

Wasiosoma kwetu hawajui habari ya kibao. Ni ubao wenye kamba. Ukikutwa unaongea Kiswahili ndani ya geti unavishwa shingoni, unazunguka nacho mpaka umkamate mwenzako. Mwezi uliopita nilikivaa siku mbili kwa sababu siwezi kumkamata mtu. Nilisimama nacho mstarini, shule nzima inanitazama.

Kwa hiyo nilitafuta Kiingereza. Maneno ninayo, kwenye mitihani huwa wa pili au wa tatu. Nikapanga sentensi kichwani, nikaona ina kasoro, nikaanza upya. Rehema akakisugua kwa dole gumba. Nikaongeza neno la adabu mwanzoni, maana yeye ni mkubwa wangu. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba hiki ndicho kilikuwa kichafu kuliko vyote.

Sentensi yangu ilikuwa tayari wakati huo.

Kiha, lugha ya kwetu, nilifundishwa na mama kule kijijini Kumsenga, Kiswahili shule ya msingi. Sekondari inanifundisha kunyamaza.

Mwalimu alipokuja kukichukua nilimwonyesha kioo kitupu. Hakugomba. Aliuliza kwa nini sikukiwekea karatasi ya jina. Nikasema nilisahau.

Uongo. Sikusahau. Ningeandika jina, watu wangeuliza ni nini, ningetakiwa kueleza, wangecheka tena. Nilikichanganya na vioo vingine makusudi ili kisionekane. Na kweli, hakikuonekana.

Jioni, nje ya geti, ambako kibao hakina nguvu, nilimwambia Rehema. Akashika mdomo.

"We! Na ulikuwa umesimama pale pale na ndoo?"

"Ndiyo, dada."

"Si ungesema tu acha! Ungevaa kibao, ungekufa?"

Halafu akaanza kulia yeye, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze. Hata uchungu wangu mwenyewe nimenyang'anywa.

Nimemchukia usiku kucha. Asubuhi nimechoka kumchukia, kwa sababu alichosema ni kweli. Kibao ningekivua. Basi la mwalimu halirudi nyuma.

Kijiwe ninacho bado. Jumatatu nitachuna upya, bila mashindano, na nitabandika karatasi yenye jina langu lote. Wakiuliza, sijui nitasema nini.

Mvua ilipopungua nilitoka nyuma ya jiko, kwenye migomba, nikajaribu kulisema lile neno. Mara ya kwanza halikutoka. Mara ya pili likatoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka.

"Acha!"

Shangazi akachungulia dirishani, ungo mkononi. "Unamwambia nani aache?"

"Hakuna mtu, shangazi."