Keki ya Dengu ya Hajati

Oli, Arua. Jumatatu. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha tope jekundu mlangoni, na sasa jua linatoka kivivu, kama mtu aliyeamshwa bila sababu.

Sauti ambayo haijaniacha tangu juzi ni ya mtu mzima akisukutua mdomo. Maji yanazungushwa shavu hili, shavu lile, kisha yanatemwa mchangani. Kisha tena. Si sauti kubwa. Nilikuwa ndani, nimeshika kisu chenye ufuta, na nilijua ni nani bila kuchungulia.

Nataka kuandika ilivyokuwa, maana huko kwetu Koboko kila mtu tayari ana namna yake ya kuisimulia.

Nilikuwa niolewe na Yasini. Yasini ni karani wa forodha Vurra, mpakani na Zaire, anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, na ndiye mtu pekee Koboko aliyewahi kuniuliza ninafikiri nini kisha akangoja jibu. Hilo lilinitosha. Nilirudi kutoka Nairobi na cheti cha ualimu na kichwa kilichojaa, na nyumbani hakuna aliyekuwa na haja na kimojawapo. Mwenye kiu hakagui kikombe.

Kwetu, kabla mahari hayajatajwa, wanawake wa upande wa mwanamume huja kuonja mkono wa binti. Huketi mkekani, hula, hushukuru, huondoka, na jibu hufuata baadaye. Kwa kawaida hupikwa kuku. Lakini Hajati, mama yake Yasini, si mtu wa kuku. Hajati aliishi Jinja zamani, marehemu mumewe alipokuwa na nyota mabegani, katika nyumba yenye roshani na jiko la kuokea. Nyumba ya Wahindi. Wenyewe walikuwa wamekwisha fukuzwa nchini. Waliacha vyombo kabatini na mpishi jikoni, na Hajati akavipokea vyote kama mtu anayeokota embe lililodondoka uani kwake. Mpishi aliendelea kupika alivyozoea. Basi kila harusi na kila matanga, Hajati husimulia keki ya dengu: ya chumvi, ya manjano, ufuta juu, pembeni inalia ukiiuma. Huisimulia kwa machozi, kama mali aliyoibiwa.

Iliibwa, ndiyo. Hajawahi kuuliza na nani.

Alipotuma neno kwamba ndiyo anayotaka kuonja, Mama alishika kichwa. Mimi nilicheka. Naijua. Inaitwa handwo. Mwalimu wangu wa sayansikimu kule Nairobi, Mgujarati mkali aliyevaa saa ya kiume, alitufundisha kuioka, na hakuna somo jingine lililonipa sifa kama lile. Nikamwambia Mama nitaipika, tena nitaipika sawasawa.

Ufuta si tatizo, sisi ni watu wa ufuta. Mumunye lilitoka shambani, mtindi niligandisha mwenyewe. Dengu nilizipata sokoni kwa mwanamke wa Sudani, mkimbizi, aliyekuwa akiuza posho yake ya msaada apate sabuni. Haradali, zile punje nyeusi zinazorukaruka kwenye mafuta, Koboko hazipo, na Arua wenye maduka walinitazama kama niliyeomba theluji. Yasini ndiye aliyezipata Vurra, kwa mwenye lori aliyekuwa akitoka Zaire. Aliniletea zimefungwa katika leso yake. Siku ile nilimwona mrefu.

Ukabaki mvuje.

Mvuje ni utomvu mkavu, una rangi ya nta chafu na harufu ya kitunguu kilichokufa. Watu wetu wanaujua vizuri, ila si jikoni. Hushonewa katika kitambaa cheusi, mtoto mchanga akavishwa shingoni ili jini asimsogelee. Mwenye mashetani hufukizwa nao. Wahindi hutia chembe yake katika mafuta ya moto, na ile harufu hugeuka, ikawa kitu ambacho ulimi hukitafuta bila kukijua jina. Handwo isiyo na mvuje ni uji uliokauka.

Nilikwenda kwa Habuba Zenabu, bibi anayeuza udi na dawa karibu na msikiti.

“Mtoto iko wapi?” aliniuliza.

“Hakuna mtoto, Habuba. Nataka wa kupikia.”

“Kupikia? Hii si ya kupika, binti. Hii ya jini. Jini akikuta hii ndani ya sufuria, atasema nini?”

“Atasema bismillahi, atakula.”

Hakucheka. Aliumega hata hivyo, akaufunga kwenye karatasi, akaniombea.

Yasini nilimwambia siku ileile. Alicheka mpaka akajifuta macho. “Kumbe Mama hajui alikuwa anakula nini miaka yote ile. Usimwambie. Acha ale kwanza.”

Naliandika hili kwa makusudi. Alijua.

Jumamosi nilianza mapema. Dengu na mchele vilikuwa vimelala majini, nikavisaga kwa jiwe, nikavichanganya na mtindi, nikaviacha juani mpaka vikaumuka na kuchachuka kidogo. Nikaparuza mumunye, nikatia tangawizi, pilipili, bizari. Jiko la kuokea hatuna. Nilitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa ya kuazima, nikaweka ndogo juu ya mchanga, nikafunika kwa bati na kupalia makaa juu yake. Moto chini, moto juu, na mimi katikati nikipepea. Mwishoni nikakaanga haradali, ufuta na mvuje, nikamwagia. Mama aliziba pua, kisha akaifungua, kisha akasogea karibu.

Ilitoka kama ilivyotakiwa kutoka. Sitajidai unyenyekevu.

Walikuja wanawake wanne. Hajati mbele, na nyuma yake Shangazi Mariamu, dada wa marehemu mumewe, ambaye ana pua ya askari wa doria. Yasini hakupaswa kuwapo, lakini alipita, akaketi nje ukutani. Nikampelekea sahani. Alikula kipande, akaomba kingine, akaomba cha tatu.

Ndani, Hajati aliuma, akafumba macho.

“Ndiyo hii,” alisema. “Wallahi, ndiyo hii ya Jinja.”

Kwa kitambo kidogo nilimpenda. Uso ulilegea, miaka ikamtoka, hata yale majivuno yalipata sababu. Nilifikiri: basi, chakula kinaweza.

Shangazi Mariamu alikuwa ananusa kipande chake.

“Hii harufu naijua,” alisema. “Hii iko ile ya shingo ya mtoto. Binti, umetia nini?”

Ningeweza kusema bizari. Nilisema, “Mvuje, Shangazi. Ndivyo inavyopikwa. Hata ile ya Jinja ilikuwa nao.”

Hajati aliweka kipande chini. “Mimi? Mhindi anilishe mimi dawa ya jini?”

Jiko lilikuwa la yule Mhindi, meza yake, chakula chake. Hajati ndiye aliyejikaribisha. Lakini hilo sikulisema, nilisema tu kwamba ni kiungo.

“Kiungo cha kumfunga nani, mwalimu?” Shangazi aliuliza taratibu, na wenzake wakaguna. “Na dengu yenyewe iko ya wakimbizi. Watu wa Nairobi wanatulisha posho.”

Posho. Wanawake hawa hawa walipanga foleni na mabakuli kule Sudani, tulipokimbia sote vita, wakila dengu hizi hizi na kugombania ukoko. Mimi nilikuwa mtoto, niliwaona. Wamerudi nyumbani, wamefuta midomo, sasa mkimbizi ni mtu mwingine.

“Yasini!” Shangazi aliita kuelekea mlangoni. “Umekula ngapi?”

“Tatu, Shangazi.”

“Tatu! Mtoto amekwisha.”

Nilingoja. Sikutaka anitetee kwa upanga. Nilitaka sentensi moja tu: nilijua, na ni mimi niliyemwambia anyamaze. Nafasi ilikuwapo, kubwa kama mlango aliokuwa ameketi karibu nao.

Nikasikia nje birika la kunawia likiinuliwa. Kisha ile sauti.

Jana asubuhi Shangazi Mariamu alirudi peke yake, na sauti ya mtu aliyeleta zawadi. Familia imesamehe, alisema. Ijumaa shehe ataandika kombe, aya zitaoshwa kwa maji, nitakunywa mbele ya wanawake, na nitasema kwa mdomo wangu nilikusudia nini na kwamba nimeacha. Baada ya hapo mahari yatazungumzwa.

“Na Yasini?” niliuliza.

“Yasini iko tayari. Yeye anakutaka bado.”

Bado. Kama mtu anayekubali shati lenye doa kwa sababu amekwisha lizoea.

Mama alinivuta kando, macho mekundu. “Kunywa tu, mwanangu. Maji ni maji. Utabaki na mume, utabaki na nyumba.”

Simcheki Mama. Amezika mume ugenini na amelima peke yake, anaijua bei ya mlango usio na mwanamume. Na maneno ya Mungu siyachezei. Ningeyanywa kwa homa, kwa hofu, kwa uchungu wa uzazi. Siwezi kuyanywa kushuhudia uongo, kisha niitwe mke.

Nimejiuliza kama nilitia mvuje kwa ajili ya ladha tu, au nilitaka pia siku moja wajue walichokila. Yote mawili, nadhani. Lakini ladha ilikuja kwanza.

Ujinga wa Shangazi siudharau sana. Ana hofu, na hofu yake ina historia. Ninamdharau aliyejua. Aliyeleta haradali katika leso yake, akacheka, akala vitatu, akajilamba vidole, kisha akautema ulimi wake mwenyewe kwa sababu shangazi alipaza sauti. Ningeishi naye miaka arobaini, na kila mara mtu akiinua sauti ningesikia birika.

Na ninajidharau kidogo mimi, niliyemwona mrefu.

Kitenge walicholeta siku ya posa kilikuwa sandukuni, hakijakatwa. Nilikitoa, nikamwekea Shangazi Mariamu mapajani angali ameketi, na leso ya Yasini juu yake, imefuliwa. Mama alilia. Kisha akaenda jikoni akaipanga handwo iliyobaki ndani ya kopo la biskuti na kunipa.

Lori la Arua lilikuwa linapakia ufuta sokoni. Nilipanda. Nimelala hapa Oli kwa Lea, mwalimu niliyesoma naye, na leo asubuhi mvua ilipokatika alinipeleka kwa mwalimu mkuu wake, ambaye amekuwa akitafuta mtu wa darasa la tano tangu muhula ulipoanza. Hakuniuliza habari za Koboko. Amenipa chaki.

Handwo siku ya pili huwa tamu zaidi, mvuje unakuwa umetulia. Jana, juu ya magunia, niliila kipande kwa kipande, hadi kopo likabaki na ufuta tu, nikauokota kwa kidole. Nilikuwa na maji kwenye chupa. Niliyanywa. Sikusukutua.