Mama Mkubwa Aliniona

Brisbane,
Tarehe 2 Desemba.

Mdogo wangu Torika,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji na watoto, nikiamini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kifua cha Losalini kimetulia baada ya zile mvua. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nakwenda kazini, narudi. Ya moyoni utayasoma huko mbele, na nakuomba uwe umeketi.

Barua yako niliipata Jumatatu. Asante kwa kunieleza mazishi ya Mama Mkubwa Vasemaca, mikeka iliyotandikwa, na jinsi wanakwaya walivyoshindwa kuumaliza wimbo wa pili. Umeniomba niandike maneno ya kumuaga, yasomwe kanisani siku ya mia tangu afariki, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipofariki. Umesema pia nisihuzunike kwa ajili ya miezi yake ya mwisho, maana watu watamkumbuka alivyokuwa kabla akili haijamtoka. Nimejaribu kuandika mara nne nikashindwa. Kuna jambo lazima ulijue kwanza.

Mwezi wa saba nilikuwa Fiji. Nilikuwa palepale kwetu, katika ile hoteli, siku sita.

Mwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi alitaka kuwashukuru wafanyakazi wa siku nyingi, akachagua wanne kwa kura awalipie likizo. Walipotuonyesha picha za hoteli niliitambua pwani yetu, nikanyamaza. Wenzangu wanajua nimekulia Suva na baba alikuwa karani. Ndivyo nilivyowaambia zamani nilipoingia kazini, na uongo ukishazoeleka hauna mlango wa kutokea. Na wewe sikukwambia, kwa sababu mtu harudi nyumbani baada ya miaka kumi na moja na begi moja la nguo za kuogelea. Kuna kava, ile mizizi ya kinywaji cha heshima, ya kumpelekea mkuu wa kijiji, kuna vitambaa vya mashangazi, kuna kila mtoto aliyezaliwa nikiwa sipo. Nikajiambia nipumzike kwanza, mwakani nitakuja kama mtu.

Na sitakudanganya, nilipumzika. Miaka kumi na tisa natandika vitanda vya watu. Asubuhi ile mtu alinitandikia mimi. Nililala hadi saa tatu. Nilikula papai lililokatwa na mwingine. Usingetambua mahali pale, Torika. Shamba la mihogo la Mama Mkubwa ni nyasi fupi zinazomwagiliwa mchana kutwa. Mwamba tulipokuwa tukichokoa pweza umepasuliwa ili boti zipite. Wameipa pwani jina jipya, nami nilijikuta nalitamka kama wao. Watu wa kijiji wanaruhusiwa kukanyaga mchanga ule Alhamisi tu, wakiuza shanga na makombe.

Tuliposhuka kwenye basi, akina mama wa kijiji walikuwa wamepangwa kivulini kutuimbia, wote gauni la rangi moja, ua sikioni. Mama Mkubwa alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Nilikuwa na miwani ya jua na kofia pana, lakini aliyekuogesha hahitaji kuona uso. Macho yake yalinifuata mpaka mlangoni. Hakuacha kuimba, unajua hakuwahi kuharibu wimbo maishani mwake. Mimi nilichukua maji ya nazi niliyopewa, nikainama.

Siku ya tatu, kama saa tano, nilikuwa nimejilaza kwenye kiti cha pwani pamoja na Raelene, mwenzangu wa zamu. Nikamwona Mama Mkubwa anakuja ukingoni mwa maji na kikapu mkononi. Mlinzi alikuwa mgeni wa kazi, kijana wa huko Labasa ulikoolewa. Akamzuia kwenye kamba.

Akamwambia, “Bibi, leo si Alhamisi.”

Mama Mkubwa akajibu, “Siuzi kitu, mwanangu. Namletea binti yangu samaki wa tui. Yule pale, mwenye kofia. Mwite tu. Mwambie Sena, njoo ule kabla chakula hakijapoa.”

Raelene akashusha pumzi, akasema hata huku mtu haachwi apumzike. Mlinzi akanijia kwa adabu, akaniambia, “Samahani mama, yule bibi anasema wewe ni mwanawe. Unamfahamu?”

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba simjui.

Torika, alikuwa karibu, kama kutoka mlangoni pako mpaka kisimani. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini maneno hayo alikuwa nayo. Alinitazama, si kwa hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kikohozi. Kisha akamwambia mlinzi, “Basi nimemfananisha. Macho yamezeeka, usimsumbue.” Akafunika kikapu kwa kitambaa, akarudi alikotoka akipita majini, gauni limelowa mpaka magotini, maana mchanga mkavu ni wa wageni. Raelene akanipa mafuta ya kujipaka, nikajipaka.

Bado sijafika mwisho. Jioni ile ulinipigia simu. Ulisema Peceli amekupigia kutoka kijijini, Mama Mkubwa amerudi nyumbani anasema Sena yuko hotelini, na Peceli ana wasiwasi na mama yake. Ukaniuliza niko wapi. Nikasema niko kazini. Ulisikia mawimbi ukauliza ni nini kile, nikasema ni mashine za kufulia. Ungeniacha hapo ningekuwa mwongo tu. Lakini uliniuliza, wewe dada si ndiye unayewatunza wazee wa namna hiyo, tumfanyeje? Nami, miguu yangu ikiwa ndani ya maji ya bwawa, nikakupa ushauri. Nilisema huanza hivyohivyo, kwa kuona watu wasiokuwapo. Nilisema mfiche visu, asiende mwambani peke yake, na akinitaja msibishane naye, mmwitikie kama mtoto.

Mkafanya kama mjuzi alivyosema. Uliniandikia yote. Peceli alikwenda kuomba hotelini wamtoe kwenye waimbaji. Alinyang'anywa kisu chake cha mihogo. Akina mama kisimani wakawa wanamtania, “Vasemaca, Sena kaja leo? Kakuletea nini?” Mwezi wa tisa ukaniandikia kwa furaha kwamba ushauri wangu umefaa, ametulia, hanitaji tena. Mwezi wa kumi hakuamka.

Barua zako zote nimezirudia. Nilikuwa natafuta mahali alipowaambia kwamba nilimkana. Hapapo. Aliwaambia kwamba aliniona, kwamba nimenenepa, na kwamba nina wageni ndiyo maana sikufika. Angeweza kusema yaliyompata pwani, mlinzi yupo angemshuhudia, na kisu chake wangemrudishia siku hiyohiyo. Akakubali aitwe mwenye wazimu.

Basi maneno yangu ya kumuaga ni haya, usiyapambe: Vasemaca hakupotewa na akili hata siku moja. Aliniona. Nilikuwapo. Mpe Peceli barua hii aisome yote kwanza, maana ni mama yake. Nimekata tiketi, nitafika tarehe kumi Januari, siku mbili kabla ya siku ya mia, nami nitasimama mwenyewe mbele ya watu niyaseme. Peceli akinifungia mlango ana haki, nitakaa nje ya uzio hadi saa ya kanisa. Na wewe ukiona huwezi kuja kunipokea uwanja wa ndege, usije, mdogo wangu. Njia naijua.

Nisalimie shemeji, Losalini na wadogo zake. Wasalimie akina mama wa kwaya, ila usiwaambie bado ni salamu za nani.

Ni mimi dada yako,

Asenaca