Kilimia Nyuma ya Nyumba

Kigongo, 9 Septemba 1995

Mwanangu Pius,

Hujambo huko Leipzig, na baridi je? Sisi wazima, mimi na shangazi yako Modesta. Tazama mwandiko, ni wangu. Mtoto wa jicho ametolewa, na juzi alfajiri nilitoka uani nikakiona Kilimia, nyota zake moja moja. Nilidhani tulishaagana.

Sasa nataka kukipiga picha. Mkuyuni siku hizi maduka yamejaa mali za nje. Kuna mfanyabiashara ana darubini, anaapa kwamba hiyo ndiyo yenyewe. Mwingine ana kamera za otomatiki. Nichukue ipi? Wewe ndiye unayesomea lenzi.

Baba yako.

Leipzig, 2 Oktoba 1995

Baba, shikamoo.

Nimefurahi, ila sitakuficha: hiyo "sisi wazima" yako siiamini. Miaka miwili ulinitumia maneno hayo, kumbe huoni, kalamu ameshika shangazi. Mwandiko nao hautoshi. Mkono uliozoea huandika hata macho yakiwa yamefumbwa.

Darubini iache. Dunia inazunguka, na bila mota nyota zitakukimbia. Otomatiki nazo hazikubali kubaki wazi gizani. Toa sandukuni ile kamera yako ya studio, Zenit, na lenzi yake ya kawaida. Cha kununua ni stendi nzito ya miguu mitatu, waya wa kufyatulia ili usiitikise kwa kidole, na filamu ya ASA 400 isiyopitwa na muda. Iache wazi kwa muda wa kusali Baba Yetu moja tu. Ukizidisha, nyota zitakuwa mistari.

Picha ya kwanza piga mchana, chochote, nijue picha zinaanzia wapi. Filamu usiipeleke kwenye mashine za mjini, wataona giza waseme imeungua. Nitaisafisha mwenyewe.

Mwanao, Pius.

Kigongo, 25 Novemba 1995

Mwanangu,

U hali gani? Yangu siisemi, maana huamini. Filamu anakuletea Sista anayerudi huko.

Darubini niliiacha, mwenye duka amenuna. Mvua ilitupisha juzi. Wavuvi wa dagaa nao hupenda usiku usio na mwezi, karabai zao zilijaa ziwani. Bahati nzuri Kilimia huchomoza nyuma ya nyumba, nikaligeuzia ziwa mgongo. Shangazi yako anasema nimezeeka, napiga picha giza.

Baba yako.

Leipzig, 14 Desemba 1995

Baba, shikamoo.

Filamu nimeisafisha. Kilimia kimo, katikati kabisa, kama punje za ulezi. Nyota zimevuta mkia kidogo, nadhani ulisali polepole.

Lakini niliyoikodolea macho ni ile ya mchana. Shangazi amekaa mlangoni, anapitisha uzi kwenye sindano, mikono yote miwili ina kazi. Zenit hailengi yenyewe, jicho la mpigaji ndilo huipa picha ukali, na nyumbani mko wawili tu. Uzi unaonekana. Tundu la sindano linaonekana. Mlango nyuma yake umefifia, vile ulivyonifundisha studio. Nililia humo ndani ya chumba cha giza, halafu nikacheka peke yangu.

Mwambie shangazi hujazeeka. Na safari nyingine andika tu "sisi wazima". Nitaamini.

Mwanao, Pius.