Chungu Changu Kimeniletea Mimba

Anyango uko wapi?? Nimejifungia chooni, nimeumbuka!

Si nilikwambia nimeanza kufinyanga vyungu hapa nyumbani? Leo niko jikoni nafinyanga, nimejifuta jasho kwa mkono uleule wenye udongo, nikajipaka hadi mdomoni. Mama mkwe huyo mlangoni, katoka Muleba bila taarifa.

"Shikamoo mama."

Kaniangalia mdomo. Kaangalia vipande vya udongo mkavu kwenye sahani. Kapiga vigelegele!

"Unakula udongo! Mwanangu, una mimba!"

Mimba, Anyango! Tangu harusi anaisubiri. Nafungua mdomo nimwambie ni udongo wa chungu, tayari yuko kwenye simu ananitangaza kwa ndugu wa Muleba: "Kokulinda anakula udongo!" Mume wangu naye kaingia kutoka kazini, kasikia, mwanaume mzima analia kwa furaha.

Na chungu chenyewe, kile cha kwanza kukauka bila ufa? Mama mkwe kamega ukingo, katafuna, kasema udongo huu mtamu kuliko wa sokoni. Kakimaliza!

Sasa nitoke niseme nini? Chungu hakipo, mimba haipo, na ukoo mzima umeshachagua jina.