Baba Anataka Kupanda Paa Kunifungia Sola

Mshauri wetu mpendwa,

Kabla sijakumwagia yangu, ahsante kwa yote unayotuandikia, mimi huyasoma nikiwa nimekaa kwenye cherehani, na leo zamu imenifikia mwenyewe, naomba unishike mkono. Mimi ni mama wa watoto wawili, nashona nguo nyumbani, mume wangu ni muuguzi, na tunaishi na mama yangu pamoja na mume wake, ambaye si yeye aliyenizaa ila ndiye aliyenilea na sina jina lingine la kumwita zaidi ya Baba. Alikuwa dereva wa lori. Nilipokuwa mwanafunzi, siku ya kikao cha wazazi aliegesha lori mbele ya geti la shule, akaingia na ovaroli lake lenye grisi, akakaa kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi mpaka mwisho, na mwalimu alipouliza huyu ni mzazi wa nani, akanyoosha mkono kunionyesha kabla mimi sijafungua mdomo. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza tena baba yangu yuko wapi.

Sasa umeme kwetu unakatika kila mara, cherehani inanizimikia katikati ya gauni la mtu, na Baba amekata shauri kunifungia sola kwa mikono yake. Tatizo ni paa. Nyumba yetu tumeijenga vipande vipande, kila mtoto alipozaliwa tukaongeza chumba, kwa hiyo mapaa yako matatu na kila moja limeangalia kwake: la mbele liko kwenye kivuli cha ghorofa la jirani kutwa nzima, la katikati limeliwa na kutu, na lile la nyuma juu ya jiko ndilo lenye jua zuri, ila limeinuka hata paka hulipanda kwa kufikiri. Baba ametengeneza mfano wa nyumba yetu kwa maboksi, ameuweka kwenye meza ya kulia chakula, anauzungukia na tochi kuona kivuli kinaangukia wapi, na watoto wanakula wamepakata sahani kwa sababu meza sasa ni ya Baba. Sijamwona na furaha ya namna hiyo tangu astaafu, kwa hiyo nikanyamaza.

Wiki iliyopita nikiwa nashona nikasikia nyayo juu ya bati, kisha kishindo, kisha kimya. Nikatoka mbio. Ngazi iko chini, kandambili moja imenasa kwenye mfereji wa maji, na Baba amelala kifudifudi juu ya paa la jiko, ameng'ang'ania ukingo wa juu kwa mikono miwili, utepe wangu wa kupimia nguo ukiwa shingoni mwake.

"Usipige kelele," akaniambia, "mama yako amelala. Simamisha ngazi taratibu."

Alipofika chini akaketi juu ya ndoo, akaomba chai, akasema, "Haya yabaki kati yetu." Nikakubali, na tangu siku ile bati likilia tu naacha cherehani natoka mbio. Mume wangu alishawahi kusema tuite mafundi wafanye kila kitu, Baba akajibu, "Sawa, nyumba ni yenu," akaondoka mezani chakula hakijaisha. Nikimzuia namvunja moyo, nikimwacha nitakuja kumwokota chini. Nimshukuruje mtu huyu bila kumzika?

Mshonaji mwenye hofu

*

Mshonaji,

Sikungoja gazeti litoke, maana paa lenu lisingengoja. Siku ileile barua yako iliponifikia nilikupigia simu nikaomba nizungumze na mzee, na ninayoyaandika hapa nayaandika kwa ruhusa yenu wawili.

Kwanza wewe. Shukrani zako zimenigusa, lakini kwenye hiyo siri ulikosea. Mume wa mtu kanusurika kuvunja shingo, nawe unamfichia mkewe ili asiaibike? Angepanda tena siku ambayo hupo, mama yako ungemwambia nini?

Sasa yeye. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nasikia ulikwenda kulala juu ya bati."

Akacheka. "Kumbe kasema."

"Kasema kwa sababu anakupenda. Mafundi wamekukosea nini?"

Sauti ikashuka. "Hawajanikosea. Sitaki tu kuwekewa kiti nitazame. Tangu niache lori, kazi yangu ni kutazama."

Umesikia, binti yangu? Wewe unamwonea huruma, mumeo anataka kumpumzisha, na hakuna kati yenu aliyemuuliza mwenyewe anataka nini.

Nikamwambia anayejua kivuli kinapita wapi ni yeye, basi yeye ndiye msimamizi: fundi apande, yeye aamuru kutoka chini.

"Na akikosea?"

"Mshushe."

"Hapo tumeelewana," akasema. "Lakini ngazi nitaishika mimi."

Basi fanyeni hivi. Fundi aanze kwa kukagua mbao zilizobeba paa la jiko, na zilizochoka zibadilishwe kabla paneli hazijapanda. Vyuma vikazwe kwenye mbao, si kwenye bati peke yake, na kila tundu liwe na mpira wake, la sivyo mvua itakunyeshea kwenye sufuria. Anayepanda afungwe mkanda na kamba, na bati liwe kavu. Betri zisikae jikoni kwenye joto; mzee achague kona yenye hewa. Kuunganisha na umeme wa nyumba ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, hata kama Baba ameshaangalia video zote za duniani.

Jana ulinipigia kuniambia kwamba mlikwenda kwa mama yako, wewe na mzee, mkamweleza. Yeye akaendelea kukunja nguo zake, akasema, "Goti lililochubuka nililiona siku ileile. Nilikuwa nangoja nione nani ataanza." Ulikuwa unacheka huku unalia, nami huku ofisini ikabidi nitafute kitambaa.

Ulitaka kujua umshukuruje. Kwa mdomo, mwanangu, na usisubiri taa iwake. Kaa naye, mtazame usoni, mwambie amekulea vizuri. Wanaume wa umri wake hujifanya hawajasikia. Wewe rudia.