Mluzi Niliokukataza

Kwa mjukuu wangu Mwende,

Pokea salamu kutoka Mitaboni. Mbaazi zimeanza kukauka, na mama yangu anauliza kama huko Mombasa unakula vizuri. Nilicheka kuona umeniita "Susu", yaani nyanya, na bado navaa sketi ya shule. Lakini mimi ni dada mdogo wa nyanya yako, kwa hivyo nitakujibu kama susu.

Umeuliza kwa nini nilikukataza kupiga mluzi ulipokuja Desemba. Nilipokuwa na umri wako, kaka yangu Kioko alikuwa akipiga mluzi, mbuzi wote wanamfuata. Nilimwonea wivu sana, nikajifunza kwa siri. Siku moja mbuzi waliingia kwenye kunde za jirani, nikapiga mluzi. Wakarudi wote! Kioko akasema, "Haiya, wewe utaota ndevu!" Mama hakucheka.

"Msichana hapigi mluzi."

"Kwa nini, mama?"

"Hapigi tu."

Niliona aibu kama mtu aliyeiba, na sikupiga tena.

Kisha ukaja wewe, ukapiga mluzi pale zizini, na mbuzi wakakujia. Nikakwambia, "Acha, hiyo si adabu." Wakati ule niliamini nakufundisha adabu. Niliposoma barua yako ndipo nilipojua kwamba ulikuwa wivu, ule ule wa zamani.

Ukija Aprili, piga mluzi. Mama yangu akikukemea, mwambie susu wako amekuruhusu.

Nami unifundishe tena. Nimesahau.

Susu wako,
Mueni